Kutengeneza filamu ya kutisha inayowacheka wakubwa wa sinema: mwongozo kamili kwa vijana wa Lubumbashi

Filamu ya kutisha ni kazi ambayo mtu asiye na pesa anaweza kuifanya vizuri kuliko tajiri. Giza ni bure. Kimya ni bure. Sauti ya mtu anayeogopa haiuzwi dukani. Ukiongeza kicheko, na kicheko hicho ukakielekeza kwa wanaoendesha kazi yenyewe ya filamu (mtayarishaji mwenye ahadi nyingi, nyota anayefika jua likizama, mfadhili anayetaka nembo yake ionekane hata juu ya jeneza), utakuwa umepata aina ya filamu inayolingana kabisa na hali yetu hapa Lubumbashi.

Mwongozo huu unaanzia kwenye wazo na kuishia siku ya kuonyesha. Nimeuandika kwa ajili ya filamu fupi ya dakika kumi hadi kumi na mbili, yenye kikundi cha watu wanane, simu mbili na wikendi mbili za kazi. Nguzo yake ni moja: upungufu wako usiufiche, upe sababu ndani ya hadithi.

Hatua ya kwanza: tazama kama fundi

Kabla ya kushika simu, tafuta filamu ya Kijapani iitwayo One Cut of the Dead, ya mwongozaji Shinichiro Ueda, iliyotoka mwaka 2017. Kama unataka kuitazama bila kujua siri yake, ruka aya mbili zinazofuata.

Filamu hiyo ilitengenezwa kwa takriban yeni milioni 3, yaani dola zipatazo 25,000, na waigizaji wasiojulikana. Iliingiza zaidi ya dola milioni 30. Inaanza na dakika 37 za picha moja isiyokatwa: kikundi kinapiga filamu ya mazombi, kisha mazombi wa kweli wanatokea. Ukiitazama mara ya kwanza unaona kasoro nyingi. Kuna maneno yanayovutwa bila sababu, kuna mtu anayetoka nje ghafla, kuna kamera inayolala chini kwa muda. Unaweza kudhani waliotengeneza hawajui kazi.

Halafu filamu inarudi nyuma na kutuonyesha kikundi kilivyopata kazi hiyo, na mwishowe inatuonyesha zile zile dakika 37 kutoka nyuma ya kamera. Kila kasoro inapata sababu, na kila sababu inachekesha. Mtazamaji aliyekuwa akiwadharau wale watu anaanza kuwapenda, kwa kuwa sasa ameona jasho lao. Mwaka 2022 Michel Hazanavicius aliirudia kwa Kifaransa kwa jina la Coupez!, ikafungua tamasha la Cannes. Kwa wengi wetu hiyo ya Kifaransa itakuwa rahisi kufuata, ingawa mimi naona ile ya Kijapani ina joto zaidi, pengine kwa sababu walioitengeneza walikuwa kweli na mfuko mtupu.

Ya pili ni Hollywood Boulevard ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Joe Dante na Allan Arkush. Mtayarishaji Roger Corman alikuwa anajulikana Marekani kwa filamu za bei rahisi zilizopigwa haraka, na vijana waliomfanyia kazi waliahidi kumtengenezea filamu ya bei ya chini kuliko zote za kampuni yake. Walipewa siku kumi na takriban dola 60,000. Wakachukua vipande vya filamu za zamani za kampuni hiyo hiyo, wakaandika hadithi ya kampuni duni ya filamu ambamo waigizaji wanakufa mmoja mmoja, na vile vipande vikaonekana kana kwamba ndizo filamu zinazotengenezwa na kampuni hiyo. Ukosefu wa pesa ukageuka kuwa kisa chenyewe.

Ya tatu ipo karibu nasi. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Si ya kutisha, ni ya mapigano, lakini ina kitu tutakachokihitaji: sauti ya VJ Emmie anayezungumza juu ya picha, akiwasifu waigizaji, akiwakejeli, akiitangaza studio yao katikati ya kufyatuliana risasi. Nitarudi kwake tukifika kwenye montaji, yaani kukata na kuunganisha picha.

Unapotazama, shika kalamu. Andika kila mahali ulipocheka na kila mahali ulipoogopa, na dakika yake. Utaona kwamba hofu na kicheko haviji pamoja, vinapokezana.

Hatua ya pili: amua utamcheka nani

Hapa ndipo filamu nyingi za aina hii zinapoharibika. Vijana wanamcheka mwigizaji asiyejua Kifaransa vizuri, mama anayepika kwenye eneo la kupigia filamu, mlinzi. Hao hawana uwezo wowote, na kuwacheka hakuleti filamu, kunaleta uonevu. Kicheko kipande juu, kiende kwa mwenye kalamu ya kutia sahihi na mwenye ufunguo wa gari.

Wahusika wanaojulikana na kila mtu aliyewahi kufanya kazi hii mjini kwetu ni hawa. Kuna mtayarishaji ambaye pesa yake iko njiani milele. Kuna nyota aliyeimba wimbo mmoja na sasa anadai chumba chake peke yake. Kuna mwanasiasa anayechangia petroli na kutaka uso wake uonekane. Kuna mchungaji aliyetoa viti vya plastiki na anataka zimwi liokoke mwisho. Halafu kuna shirika la misaada. Watengenezaji wengi wa Kongo wanaishi kwa filamu za uhamasishaji, na kila mmoja wetu anajua lile tukio la mwisho ambapo mhusika anageukia kamera na kutoa mafundisho. Basi fikiria zombi aliyekula nusu ya kikundi, akasimama, akafuta mdomo, na kutuasa tunawe mikono kwa sabuni. Tukio hilo litaangusha ukumbi wowote wa Lubumbashi.

Chagua wawili tu kati ya hao. Dakika kumi hazitoshi kwa watatu.

Jambo moja zaidi, na hapa sitanii hata kidogo. Katika nchi yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani na kuteswa kwa kuitwa wachawi. Usiweke mtoto awe mulozi katika filamu yako, hata kwa mzaha. Usimtumie mtu mwenye ualbino kama kitisho. Filamu inatoka ukumbini ikiwa imekatwa vipande, inazunguka kwenye simu za watu, na kile kipande kisicho na kicheko kinaweza kumfikia mtu atakayekiamini.

Hatua ya tatu: tafuta zimwi la hapa

Zombi ni wa wote na ni rahisi: unga usoni, mwendo wa kuvuta mguu. Lakini sisi tuna Mambamuntu. Wazee wa Katanga wanamjua huyu mwanamke mwenye nusu ya samaki au nyoka na nywele ndefu, anayempa mtu utajiri kwa masharti mazito na kwa siri. Miaka ya 1970 picha zake zilizochorwa na wachoraji wa mitaani zilitundikwa kwenye sebule nyingi za mji huu. Kiumbe anayetoa pesa kwa mkataba wenye masharti ya siri! Huyo ni mfadhili wa filamu, hakuna haja ya kumbadilisha chochote.

Kuna pia batumbula, watekaji wa usiku ambao watu wa Katanga waliwasimulia kwa hofu zama za wakoloni, wakisema wanawateka Waafrika kwa ajili ya wazungu. Hao wangefaa hadithi ya kampuni ya kigeni inayokuja kutafuta waigizaji, ila ni hadithi nzito na inahitaji muda zaidi ya dakika kumi.

Kwa mwongozo huu nitashika mfano mmoja hadi mwisho. Kikundi kinapiga filamu ya kutisha katika nyumba moja ya Katuba. Mtayarishaji amepata pesa, hasemi kutoka wapi. Filamu wanayopiga inamhusu Mambamuntu.

Hatua ya nne: karatasi tatu

Chukua karatasi tatu. Hapa ndipo filamu yako inapojengwa, kwa hiyo toa usiku kadhaa, usiwe na haraka.

Kwenye karatasi ya kwanza andika filamu ndani ya filamu: dakika nne, picha moja isiyokatwa, yenye kasoro nne. Kwenye ya pili andika maandalizi: dakika mbili, siku moja kabla, mtayarishaji akigawa ahadi. Kwenye ya tatu andika zile zile dakika nne zikionekana kutoka nyuma ya kamera, ambazo ukiwa na mwendo mzuri zitakuwa tano.

Kasoro ndizo mtaji wako, kwa hiyo zichague kwa makini. Katika mfano wetu ziko hivi. Moja: mwigizaji mkuu kila akisema anaangalia kando ya kamera. Mbili: taa inazimika katikati ya kilio. Tatu: maiti inapiga chafya. Nne: Mambamuntu anaingia mapema kuliko ilivyotarajiwa, anasimama mlangoni kimya, wote wanasahau maneno yao, kisha anaondoka.

Sasa sababu zake. Nyota hakujifunza maneno, kuna kijana aliyekunjama kando ya kamera ameshika maboksi yaliyoandikwa kwa makaa. Taa ilizimwa na jirani aliyewagawia umeme. Aliahidiwa malipo asubuhi, imefika jioni, amechomoa waya wake, na ana haki. Maiti ilipakwa unga wa muhogo kwa sababu fungu la poda liliingia mfukoni mwa mtayarishaji.

Ya nne usiipe sababu. Katika karatasi ya tatu mtazamaji anaona simu ya mwongozaji ikilia: ni yule dada anayeigiza Mambamuntu, bado yuko barabara ya Kasapa anangoja usafiri, anaomba radhi kwa kuchelewa. Mwongozaji anageuka polepole kutazama mlango. Watu waliokuwa wakicheka kwa dakika tisa watanyamaza wote kwa pamoja.

Kasoro tatu zipate sababu, moja ikose. Bila hiyo moja umetengeneza vichekesho vyenye damu tu. Ukiacha mbili bila sababu, mtazamaji atadhani umesahau.

Hatua ya tano: maneno ya mdomoni

Usiandike mazungumzo yote. Lubumbashi ina urithi mkubwa hapa: kikundi cha Mufwankolo, kilichochekesha watu kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha mji huu, hakikufuata maandishi yaliyokamilika. Wakubwa wa kikundi walikubaliana juu ya wazo na mfuatano wa matukio, wakajadiliana, wakajaribu, na kila mwigizaji akaleta maneno yake mwenyewe. Fanya vivyo hivyo. Kaeni mara tatu au nne, rekodi majaribio kwa simu, kisha andika yale tu yaliyochekesha mara mbili mfululizo.

Na msijilazimishe Kiswahili cha vitabuni au Kifaransa cha ofisini. Acha kila mhusika aseme anavyosema kwake. Mtayarishaji wetu na mpiga kamera wangeweza kuongea hivi (kwa msomaji wa mbali: falanga ni pesa, paka ni "tu", kusinye ni kutia sahihi, njo ni "ndiyo", courant ni umeme):

— Bajeune, falanga iko. Paka kusinye njo kunabakia.
— Mukubwa, tangu juzi unasema paka vile.
— Juzi ilikuwa ingine, leo ingine. Courant iko?
— Hapana. Imeenda.
— Basi muzuri! Filamu ya kuogopesha inapenda giza.

Mpiga kamera anamwita mukubwa hata akiwa amekasirika. Heshima hiyo isiondoke, maana ndiyo inayomfanya mtayarishaji aendelee kuwadanganya, na ndiyo inayochekesha.

Hatua ya sita: pesa na ruhusa

Tuseme mna dola 150. Gawa hivi: chakula 60, usafiri 35, umeme na betri 20, damu na mavazi 15, akiba 20. Chakula kiko juu kwa makusudi. Watu ambao hamuwalipi mshahara lazima wale bukari (ugali) na samaki ya kutosha, saa sita kamili, si saa tisa. Andika pia karatasi moja ya makubaliano: nani alifanya nini, filamu ni ya nani, na ikiingiza pesa inagawanywaje. Kila mtu atie sahihi kabla ya siku ya kwanza. Huwezi kutengeneza filamu inayomcheka mtayarishaji mdanganyifu huku mwenyewe unawazungusha watu.

Kwa ruhusa, andika barua kwa bourgmestre, yaani mkuu wa komini, nakala kwa mkuu wa mtaa, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kila siku ya kupiga tembea nayo. Usielekeze kamera kwenye kambi, kituo cha polisi, kizuizi, uwanja wa ndege wala ofisi ya serikali. Lile bomba kubwa la moshi la Gécamines na mlima wa mabaki ya madini vinapendeza kwenye picha, lakini ni eneo la kampuni. Usiingie bila kibali. Sare za jeshi au polisi zisivaliwe kabisa, na bunduki ya bandia isitoke nje ya geti, hata iwe ya mbao.

Wapitie majirani wote wa barabara hiyo, nyumba kwa nyumba, mkiwa na mtu mzima wanayemheshimu. Kilio cha usiku kinaleta watu wenye fimbo, na watu hao hawatauliza kwanza kama ni filamu. Kwa sababu hiyo matukio ya usiku ya ndani mpige mchana: ziba madirisha kwa mablanketi mazito, ziba na upenyo wa chini ya mlango, na nyumba itakuwa na giza saa nne asubuhi. Kwa matukio ya nje tumia dakika chache za magharibi, kuanzia saa kumi na mbili hivi jioni. Kwetu mwanga huo hauchukui muda, kwa hiyo fanyeni majaribio yote kabla jua halijazama, muwe tayari.

Chagua majira pia. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inapiga mabati na sauti yote inakufa. Mei hadi Septemba ni kavu. Juni na Julai usiku ni baridi kweli; kwa filamu ya kutisha baridi hiyo inafaa, ila muwe na makoti kwa anayeigiza maiti sakafuni.

Hatua ya saba: picha, mwanga, sauti

Simu yoyote nzuri ya miaka ya karibuni inatosha. Weka programu ya bure kama Open Camera ili uweze kufunga mwanga na fokasi visibadilike vyenyewe katikati ya tukio. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na ukitumia kasi isiyolingana nao taa zitameremeta kwenye picha. Weka simu katika hali ya ndege. Ubora wa 1080p unatosha. Hesabu kati ya MB 100 na 150 kwa kila dakika, na ufute nafasi mapema.

Taa mbili za kuchaji zinatosha. Moja weka chini, ielekee juu usoni, ndiyo sura ya hofu. Nyingine ielekeze kwenye shuka jeupe ukutani ili mwanga urudi kwa upole. Hiyo ni ya sehemu ya pili na ya tatu. Mtazamaji ataelewa bila kuambiwa kwamba mwanga mkali wa chini ni wa filamu ya uongo na mwanga laini ni wa maisha.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi, na ningependa usome sehemu hii mara mbili. Mtu anavumilia picha mbaya. Sauti mbaya haivumilii. Simu ya pili iwe kinasa sauti, iingie mfuko wa shati la mwigizaji ikiwa imefungwa kitambaa chepesi, au ifungwe kwenye fimbo juu ya vichwa vyao, nje ya picha. Kila mnapoanza, piga makofi mara moja mbele ya kamera ili baadaye uweze kuoanisha picha na sauti. Katika kila chumba, nyamazeni wote kwa sekunde thelathini na mrekodi kimya cha chumba hicho. Kitakuokoa kwenye montaji. Jenereta iende mbali kadiri waya unavyofika, nyuma ya ukuta. Ulizeni ratiba ya ibada za kanisa la jirani kabla ya kupanga siku.

Sauti za kutisha zitengenezeni jikoni. Muwa uliofungwa kwenye kitambaa kibichi, ukivunjwa karibu na simu, ni mfupa. Kabichi likipasuliwa kwa mikono ni nyama inayochanika. Ganda la karanga likipondwa taratibu ni taya linalotafuna. Katika sehemu ya tatu muonyeshe yule kijana aliyekaa nyuma ya pazia akivunja muwa, kisha akila kipande chake. Ni kicheko ambacho hakijakugharimu chochote, na ni kweli tupu ya kazi yetu.

Hatua ya nane: damu

Chemsha vikombe viwili vya sukari na kikombe kimoja cha maji mpaka sukari iyeyuke yote na maji yaanze kuwa mazito. Epua, acha ipoe kabisa. Koroga kijiko kidogo cha kakao katika maji kidogo, kisha uongeze. Kakao inaondoa ule wekundu wa soda. Tia rangi nyekundu ya chakula kidogo kidogo, na tone moja tu la bluu. Jaribu kwenye kitambaa cheupe mbele ya simu, kwa mwanga utakaotumia, kwa sababu damu inayopendeza machoni inaweza kuwa ya waridi kwenye skrini.

Damu hiyo inalika, ila inaita nzi na sisimizi, kwa hiyo ifunikwe. Inachafua nguo, basi nunua nguo kuukuu mbili zinazofanana kwenye soko la komini ya Kenya hapa mjini badala ya moja. Damu ya kweli ya mnyama usiilete kabisa: inanuka, inaleta maradhi, na mwigizaji akiiona hataigiza tena.

Hatua ya tisa: siku za kupiga

Wikendi ya kwanza pigeni sehemu ya kwanza tu. Picha isiyokatwa ya dakika nne inataka mazoezi ya asubuhi nzima bila kamera: nani anapita wapi, mlango unafunguliwa na nani, taa inazimwa kwa ishara gani. Chora sakafuni kwa chaki. Baada ya chakula ndipo mpige, na msizidi mara sita au saba. Baada ya hapo waigizaji wanachoka na hofu inakuwa ya kuigiza.

Msisitizo wangu mkubwa uko hapa: sehemu ya kwanza ichezwe kwa dhati. Mwigizaji asijue kuwa anachekesha. Akianza kutabasamu, akilegeza kilio ili watu wajue ni mzaha, umepoteza kila kitu, kwa sababu kicheko cha sehemu ya tatu kinatokana na bidii iliyoonekana katika ya kwanza.

Ikitokea kasoro ya kweli ambayo hamkuipanga, msikate. Mtu akiteleza, jogoo akiwika, umeme ukikatika kwelikweli, endeleeni hadi mwisho. Kisha kaeni muitazame. Ikiwa inachekesha kuliko mliyoiandika, ibakizeni na mbadilishe karatasi ya tatu ili ipate sababu. Mna wiki nzima ya kufanya hivyo, ndiyo maana wikendi hazifuatani siku kwa siku.

Wikendi ya pili ni ya sehemu ya pili na ya tatu. Hapa kateni picha mnavyotaka, sogezeni kamera haraka, acheni watu wapishane na kugongana. Angalieni nguo, damu na nywele zilingane na wikendi iliyopita. Piga picha za kila mwigizaji mwisho wa siku ya kwanza.

Hatua ya kumi: montaji

Kwenye kompyuta, DaVinci Resolve ina toleo la bure; kama kompyuta ni dhaifu, Kdenlive. Kwenye simu, CapCut inatosha kwa kazi ya dakika kumi. Muziki usichukue wa msanii yeyote bila idhini; mwombe kijana mwenye gita akupigie sauti mbili tatu, au tumia kile kimya cha chumba mlichorekodi, ukikishusha polepole.

Mfano mmoja wa hatari ya uzembe wa karatasi: filamu ya mazombi ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, na katika kubadilisha kichwa cha filamu ile alama ya hakimiliki ikaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, filamu ikawa mali ya umma. Kwa hiyo andika jina, mwaka na alama yako kwenye filamu yenyewe, na uangalie mara mbili.

Sasa turudi kwa VJ. Ukiona sehemu ya pili inalegea, rekodi sauti ya mtu mwenye ulimi mwepesi akizungumza juu yake, awataje waigizaji kwa majina, alalamike kwamba mtayarishaji amemnyima nauli. Usiiweke kwenye sehemu ya kwanza, itaua hofu. Na isizibe pengo la hadithi. Kama hadithi ina pengo, rudi kwenye karatasi.

Kata hadi ufike chini ya dakika kumi na mbili. Zimwi lionekane kidogo kuliko unavyotaka.

Hatua ya kumi na moja: kuonyesha

Waonyeshe kwanza kikundi chenyewe, peke yao, kisha majirani wa barabara mliyopigia. Baada ya hapo bisha hodi kwenye Institut français, pale Halle de l'Étoile, na kwenye kituo cha sanaa cha Picha, ambacho ndicho chimbuko la maonyesho ya Biennale de Lubumbashi tangu mwaka 2008. Wapelekee filamu kwenye flashi, na karatasi moja yenye maelezo na picha mbili. Weka maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Mtu wa Kinshasa au wa nje atayahitaji, na Kiswahili chako kitabaki kama kilivyo.

Kwa WhatsApp, tuma kipande cha dakika moja tu kutoka sehemu ya kwanza, kile chenye chafya ya maiti, bila maelezo. Watu watakicheka kama filamu mbovu na watataka kuiona yote. Filamu nzima ukiituma, itume kama dokyumenti ili ubora usipungue, lakini kumbuka wengi wananunua mega kwa mafungu madogo. Tengeneza toleo jepesi pia.

Mkiingiza pesa mlangoni, zihesabiwe usiku huo huo mbele ya wote, na zigawanywe kwa ile karatasi ya makubaliano. Majina ya mwisho yaandikwe kamili na yakae kwenye skrini kwa muda wa kusomeka: aliyepika, aliyevunja muwa, jirani aliyetoa waya. Faili zote za kamera zihifadhiwe kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti.